Je, Wajua? Chaja ya Simu Ina Maktaba Yake

Sogea hapa, ndugu msomaji, nafasi kwenye benchi ipo. Toa chaja ya simu yako, iweke mezani tuitazame. Kidude hicho kimebeba taaluma nzima iitwayo elektroniki ya nguvu, yaani ufundi wa kugeuza umeme wa namna moja kuwa wa namna nyingine bila kuumwaga njiani. Na vitabu vyake vizuri, vingi ni vya bure! Haya, uko tayari? Twende.

Tuanzie kwenye soketi

Je, wajua kwamba stima ya nyumbani kwako hugeuza mwelekeo mara 100 kila sekunde? Gridi ya Kenya huenda mizunguko 50 kwa sekunde, na kila mzunguko una kwenda na kurudi. Taa ya mtaa wa Tuwan, Kitale, na taa ya Bungoma mjini zinacheza hatua moja, sekunde ileile!

Zile volti 240 unazozijua si kilele. Zidisha 240 kwa mzizi wa 2 upate volti 339: hapo ndipo wimbi linapopanda, mara 100 kwa sekunde. Ulikuwa unaishi na volti 339 na hukuambiwa!

Sasa fungua chaja. Ndani kuna kapasita inayohifadhi karibu volti 340 za umeme mnyoofu, ule usiogeuka, kama wa betri. Zinaweza kubaki humo hata baada ya kuichomoa ukutani, kwa hiyo kijana wangu, mita kwanza, kidole baadaye.

Umeme huo hukatwakatwa na swichi isiyo na kitufe wala kipande kinachosogea. Katika chaja nyingi hufunga na kufungua takriban mara 100,000 kwa sekunde. Pepesa jicho kwa robo sekunde tu: imeshafanya kazi mara 25,000!

Kwa nini ihangaike hivyo? Kwa sababu kasi inapopanda, transfoma inapungua ukubwa. Transfoma ya redio ya zamani, iliyotumia mizunguko 50, ilijaa kiganja. Ya chaja yako inakaa kwenye ncha ya kidole gumba.

Je, wajua hasara ya njia ya zamani? Kile kidude cha miguu mitatu kiitwacho 7805, ukikipa volti 12 na kudai volti 5 kwa ampea 1, kinakupa wati 5 na kuchoma wati 7 kama joto. Zaidi ya nusu ya umeme wako inapasha hewa ya Kitale!

Kitoe, weka LM2596, ile bodi ndogo inayouzwa kila duka la vipuri. Hiyo hukata umeme mara 150,000 kwa sekunde, na watengenezaji wake wameandika ufanisi wa asilimia 80 kwa volti 12 kwenda volti 5 kwenye ampea 3. Wameandika wapi? Ahaa, hapo ndipo utamu unapoanza.

Kitabu cha kwanza kipo tayari, na hakiuzwi

Je, wajua kwamba karibu kila kipande kilicho kwenye sakiti kina kitabu chake? Kinaitwa datashiti. Andika namba ya kipande kwenye simu na kitabu kinashuka bure, chenye michoro, vipimo na mara nyingi sakiti kamili ya kuiga.

Chukua IRF3205, mosfeti, yaani swichi isiyo na kipande kinachosogea, inayopatikana kwenye invata nyingi za bei nafuu zinazoletwa kutengenezwa. Ukurasa wa kwanza unatangaza kwa herufi kubwa: volti 55, ampea 110. Lakini soma maandishi madogo chini: ganda lake linavumilia ampea 75 tu! Mstari mmoja, na umeokoa mosfeti nzima.

Unadhani ampea 75 ni nyingi? Piga hesabu. Invata ya wati 500 kwenye betri ya volti 12 inavuta takriban ampea 42, na hapo bado hujahesabu inachopoteza yenyewe. Upande wa pili, kwenye volti 240, ni ampea 2 tu!

Sasa geuza kapasita, ile ya mviringo yenye kichwa cha fedha. Ubavuni nyingi zimeandikwa 105°C, na datashiti mara nyingi inataja saa 2,000. Saa 2,000 ni siku 83 tu! Hivi chaja zote zife kabla ya miezi mitatu?

Hapana, subiri. Kanuni inayofahamika kwa mafundi wengi wa fani hii ni kwamba kila ukipunguza joto kwa nyuzi 10, umri wa kapasita unaongezeka maradufu. Ishushe kutoka nyuzi 105 hadi 65, na saa 2,000 zinakuwa 32,000. Hiyo ni zaidi ya miaka mitatu na nusu, bila kutumia shilingi!

Ndiyo maana kapasita iliyovimba kichwa mara nyingi hukutwa jirani na kipande chenye moto. Ukibadilisha kapasita tu ukaacha lile joto, mteja atarudi. Isogeze au ipe hewa, na jina lako litavuma mtaani.

Je, wajua kwamba mlima unapunguza nguvu?

Hili ni letu sisi wa huku juu. Vitabu vingi vya maelekezo ya vidhibiti vya mota vinasema: ukipita mita 1,000 juu ya bahari, punguza nguvu asilimia 1 kwa kila mita 100. Hewa nyepesi haipozi vizuri.

Kitale ipo kwenye mita 1,900 hivi. Hesabu: asilimia 9 imekwenda! Bungoma, kwenye mita 1,400 hivi, unapoteza asilimia 4 tu. Kifaa kilekile, bei ileile, na Bungoma kina nguvu zaidi!

Na unajua hicho kidhibiti, ambacho mafundi hukiita VFD, kinaweza nini? Vipo vinavyopokea stima ya fezi moja na kutoa ya fezi tatu. Mota ya fezi tatu ya kinu cha posho inazunguka mahali ambapo nguzo ilileta fezi moja!

Kwenye pampu ya maji ndipo utashangaa zaidi. Punguza mwendo hadi asilimia 80, na nguvu inayohitajika inashuka hadi karibu asilimia 51. Mwendo umepungua kwa moja ya tano, mzigo wa stima kwa nusu! Zidisha 0.8 kwa 0.8, kisha kwa 0.8 tena, uone mwenyewe.

Maktaba isiyo na mlango

Haya, vitabu sasa. Je, wajua kwamba Tony Kuphaldt, mwalimu wa ufundi wa Marekani, aliandika juzuu sita za masomo ya umeme na kuruhusu kila mtu azinakili? Zinaitwa *Lessons in Electric Circuits*. Juzuu ya kwanza inaanzia kwa umeme wa betri, na huhitaji kujua lolote kabla yake.

Mwaka 2001, chuo cha MIT cha Marekani kilitangaza kwamba kitaweka masomo yake kwenye intaneti bila malipo. Somo la elektroniki ya nguvu limo, likiwa na mihadhara ya video ya Profesa David Perreault. Mwanafunzi wa Kitale National Polytechnic anaweza kumsikiliza leo jioni, bila ada na bila viza!

Wahindi nao hawakubaki nyuma. Vyuo vyao vikuu vya teknolojia viliungana katika mpango uitwao NPTEL, na masomo kamili ya elektroniki ya nguvu yamo kwa video. Mwalimu anasimama ubaoni, anachora wimbi, anakokotoa mstari kwa mstari. Ukipotea, rudisha nyuma!

Je, wajua kwamba kituo cha CERN, kule Uswisi, wanakogonganisha chembe ndogo kuliko atomu, kina kitabu kuhusu chaja? Naam, karibu hivyo! Mei 2014 waliendesha shule ya vigeuza-umeme mjini Baden, na mwaka 2015 wakachapisha mihadhara yote, bure kwa dunia nzima.

Je, kitabu kikubwa zaidi? Profesa Barry Williams wa Chuo Kikuu cha Strathclyde, Scotland, aliandika *Principles and Elements of Power Electronics*. Kina kurasa zaidi ya 1,400, naye akakiweka kwenye tovuti ya chuo kila mtu akipakue. Kurasa 1,400, shilingi sifuri!

Vile vya kununua navyo vina visa vyake. Kitabu cha Mohan, Undeland na Robbins kilitoka mwaka 1989, kikiunganisha wahandisi wa Minnesota na wa Norway. Hadi leo ukitaja Mohan mbele ya mhandisi wa umeme, anajua unasema kitabu gani.

Kitabu cha Robert Erickson wa Colorado kilitoka mwaka 1997. Toleo la tatu, la mwaka 2020, aliloandika pamoja na Dragan Maksimović, limevuka kurasa 1,000. Ukitaka kujua kwa nini chaja haiyumbi unapochomeka simu mbili, jibu limo humo.

Na hili je? Kitabu cha Kassakian na wenzake wa MIT kilitoka mwaka 1991, toleo la pili likaja mwaka 2023. Miaka 32! Mtoto aliyezaliwa toleo la kwanza lilipotoka angeweza kuwa mhadhiri akifundisha la pili.

Je, wajua kwamba unaweza kuchoma mosfeti mia bila kununua hata moja? Programu ya LTspice hujenga sakiti kwenye skrini na kukuonyesha kila wimbi, bila malipo. Mizizi yake ni programu ya SPICE iliyotoka Chuo Kikuu cha Berkeley mwaka 1973, nayo pia iliachwa huru kwa umma.

Huna kompyuta? Datashiti, juzuu za Kuphaldt na kitabu cha Strathclyde vyote husomeka kwenye simu. Vipakue mara moja palipo na intaneti nzuri, ukae navyo bila bando. Stima ikipotea, wewe unaendelea kusoma!

Waliosoma kabla yako

Je, wajua kwamba mmoja wa waliobuni mosfeti alikuwa Mwafrika? Mohamed Atalla alizaliwa Port Said, Misri, mwaka 1924, akasoma Cairo kabla ya kwenda Marekani. Yeye na Dawon Kahng, mzaliwa wa Korea, waliitengeneza kwenye maabara za Bell, na mwaka 1960 ikatangazwa.

Ni ngapi zimetengenezwa tangu hapo? Jumba la Makumbusho ya Kompyuta la California lilikadiria mwaka 2018 kwamba tranzista zilizokwisha kutengenezwa ni 13 ikifuatwa na sufuri 21, na karibu zote ni za jamii hiyohiyo. Hakuna kifaa kingine ambacho binadamu amekitengeneza kwa wingi huo!

Huyohuyo Atalla, miaka ya 1970, alibuni mfumo wa kulinda namba ya siri ya kadi za benki. Mtu mmoja wa Port Said, na kazi yake imo kwenye chaja yako na kwenye mashine ya kutolea pesa mjini!

Je, umemsikia Jayant Baliga, mzaliwa wa India? Alibuni swichi iitwayo IGBT kwenye kampuni ya General Electric, nayo leo inaendesha treni, lifti na magari ya umeme. Mwaka 2024 alipewa Tuzo ya Milenia ya Teknolojia ya Finland.

Taa nyeupe ya LED na chaja ndogo kali za kisasa zinatoka kwenye jiwe moja! Linaitwa galiamu naitraidi. Wazaliwa watatu wa Japani, Akasaki, Amano na Nakamura, walipata Nobeli ya mwaka 2014 kwa taa ya buluu iliyotokana nalo, na sasa jiwe hilohilo linakata umeme ndani ya chaja.

Michael Faraday, aliyegundua siri ya transfoma mwaka 1831, hakuwa mtoto wa chuo. Alipofika miaka 14 alipelekwa kujifunza kujalidi vitabu London, naye akawa anavisoma kabla ya kuvirudisha kwa wenyewe. Makala ya umeme kwenye ensaiklopidia aliyokuwa akiijalidi ndiyo iliyomwasha moto!

Karibu zaidi na kwetu, kijana wa Malawi, William Kamkwamba, alikosa karo mwaka wa njaa akatoka shule. Akaingia maktaba ya kijiji cha Wimbe, akapata kitabu kiitwacho *Using Energy*, akajenga kinu cha upepo kwa fremu ya baiskeli na vyuma chakavu. Alikuwa na miaka 14, na taa zikawaka nyumbani kwao.

Vyuma vikubwa vya Afrika Mashariki

Je, wajua kwamba Kenya hununua umeme wa Ethiopia kwa waya wa umeme mnyoofu? Laini inatoka Sodo hadi Suswa, zaidi ya kilomita 1,000, kwa volti 500,000, na inaweza kubeba megawati 2,000. Novemba 2022 ilianza kutuletea umeme wa biashara.

Mbona wasitumie umeme wa kawaida? Kwa masafa hayo umeme mnyoofu hupotea kidogo kuliko wa kawaida, tena hutosheka na njia mbili za waya badala ya tatu. Kule Suswa, milundo ya swichi za silikoni inaugeuza uwe wa mizunguko 50. Ni ndugu wa swichi ya chaja yako, kwa ukubwa wa jumba!

Wacongo walitutangulia kwa miaka 40! Laini ya Inga hadi Kolwezi, katika mkoa unaosema Kiswahili, ina urefu wa kilomita 1,700. Ilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, ndiyo iliyokuwa laini ya umeme ndefu kuliko zote duniani.

Kaskazini mwetu, shamba la upepo la Ziwa Turkana lina mashine 365, moja kwa kila siku ya mwaka. Upepo hauna mwendo mmoja, lakini gridi inadai mizunguko 50 kamili. Anayepatanisha hao wawili ni kigeuza-umeme ndani ya kila mashine.

Uganda nayo je? Mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Makerere kilionyesha gari la umeme la watu wawili, Kiira EV. Mwaka 2016 likafuata Kayoola, basi lenye paneli za sola juu ya paa!

Tanzania, mwaka 2024, treni ya umeme ilianza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro, kasi hadi kilomita 160 kwa saa. Waya wa juu una volti 25,000. Ndani ya treni umeme huo unanyooshwa, kisha unageuzwa tena kuwa wa fezi tatu kabla mota haijauonja.

Boda ya umeme unayoipisha barabarani hufanya vivyo hivyo! Betri inatoa umeme mnyoofu, mota inataka fezi tatu, na katikati wamekaa makundi sita ya mosfeti yakipokezana. Mchoro wa makundi hayo sita umo kwenye vitabu vingi nilivyokutajia.

Na je, ulidhani vipande hivi hutengenezwa Asia na Ulaya pekee? Nyeri, kwenye Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kipo kiwanda cha semikondakta, Semiconductor Technologies Limited. Wakenya kwenye joho jeupe, ndani ya chumba kisichoruhusu vumbi!

Sasa kaa sawa, nikupe njia

Usianze na kitabu kinene. Anza na datashiti moja, ya kipande unachokigusa kila wiki, uisome hadi maandishi madogo. Kisha juzuu ya kwanza ya Kuphaldt, halafu video za MIT au NPTEL, na LTspice pembeni ujaribu kila mchoro.

Tafuta mwenzako wa kusoma naye. Kitale kuna National Polytechnic, Bungoma kuna Chuo Kikuu cha Kibabii, na katikati yao mafundi wa jua kali wamejaa tele. Mwanafunzi ana hesabu, fundi ana mikono. Wakae benchi moja, wafungue ukurasa mmoja.

Na kile kigogo cha Strathclyde cha kurasa 1,400, usikiogope. Kurasa nne kwa siku ni kurasa 1,460 kwa mwaka. Soma ukurasa mmoja kabla ya chai, mmoja mchana, miwili usiku: kabla mwaka haujaisha, ndugu yangu, umekimaliza, na siku chache zimebaki za kurudia pale palipokushinda!